Ngalawa yako ionekane kwenye rada ya meli

Usiku, mvuvi wa Msangamkuu au Mikindani anaiona meli inayotoka bandarini Mtwara ikiwa mbali, taa tele. Nahodha wa meli hamuoni hivyo. Mbele ya omo kuna eneo la bahari linalofichwa na meli yenyewe. Kanuni za kimataifa zinaruhusu lifike urefu wa meli mbili au mita 500, lolote lililo fupi. Meli ikishatoka nje ya ghuba na kufika mwendo wa noti 12, mita 500 inazimaliza kwa sekunde kama 80. Usipoonekana kabla ya hapo, umechelewa.

Kinachoona mapema ni rada, mtambo unaotuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi wake, na mbao na tanga la kitambaa haviyarudishi ya kutosha. Kusi likichafua bahari ni hatari zaidi: mlinzi wa zamu akipunguza vurugu za mawimbi ya bahari kwenye skrini, anakufuta na wewe.

Dawa yake ni kirudisha rada cha alumini, na fundi bati yeyote anakiweza. Chukua vipande vitatu bapa vya mraba, sentimita 42 kila upande, unene milimita 1. Cha kwanza kiache kizima. Cha pili kikate kwa mshazari upate pembetatu mbili. Zisimamishe juu na chini ya kile kizima, kwenye mstari wa mshazari wake. Cha tatu kikate kwa mishazari yote miwili, pembetatu nne, uzibe nazo nafasi zilizobaki. Utapata vifuko vinane, uzito kama kilo moja na nusu. Viunge kwa vibati vilivyokunjwa pembe na ribiti, vyote vya alumini, kwa sababu vya chuma vikikutana na maji ya chumvi vitaila alumini.

Pima kila kona kwa skwea. Ikipotoka hata nyuzi mbili tatu kutoka 90, mwangwi unapungua sana. Kwa hiyo bati la migongo halifai, wala karatasi ya foili iliyokunjwakunjwa. Na usibane ukubwa ili kuokoa bati: ukipunguza vipimo kwa nusu, mwangwi unabaki sehemu moja ya 16.

Kitundike kwa kamba tatu, kutoka ncha tatu zinazozunguka kifuko kimoja, ili kifuko hicho kielekee juu kama kinakinga mvua. Ukikining'iniza kwa ncha moja, unapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Kwenye mlingoti foromali itakigonga wakati wa kugeuza tanga. Afadhali mti imara kwenye tezi, mita 3 au zaidi juu ya maji.

Taa bado inahitajika. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kubeba taa za pembeni, lazima kiwe na tochi au taa nyeupe karibu na mkono, iwashwe mapema. Imulike tangani: tanga lote linang'aa, nawe hupofuki. Halafu itazame meli ukiwa umekaa palepale, uelekeo wako haubadiliki. Ikizidi kukua huku ikibaki usawa uleule wa mlingoti wako, mnakwenda kugongana. Geuza chombo wakati huohuo.