Kabla ya Kutamka "Ndiyo" kwa Muuzaji wa Bima

Huku Marekani kuna mikataba ya afya ambayo si haramu kuiuza, ina karatasi zake na kampuni inayoisimamia, lakini ambayo watu wengi wasingeinunua kama wangeelezwa bila kuzungushwa inalipa nini hasa. Ndiyo maana inastawi zaidi kwenye simu kuliko kwenye maandishi. Nimeombwa mara kwa mara na ndugu na majirani niwasomee karatasi walizotumiwa baada ya kulipa, nami ninaandika haya ili angalau wengine wazisome kabla.

Mojawapo ya mikataba hiyo, mpango wa mafao yenye kikomo, haulipi gharama za matibabu kama zilivyo. Hulipa kiasi kilichopangwa mapema: fedha kadhaa kwa kila siku ya kulazwa, kadhaa kwa kumwona daktari, na mara nyingi hata idadi ya siku hizo imewekewa mpaka. Tuchukue mfano wa mkataba unaolipa dola 500 kwa siku. HealthCare.gov, ambayo ni tovuti ya serikali kuu, inakadiria kwamba kulazwa siku tatu hugharimu takriban dola 30,000. Mwenye mkataba huo atapokea dola 1,500, na dola 28,500 zinazobaki ni deni lake. Bima kamili iliyowekwa na sheria ya afya ya mwaka 2010 pia ina kikomo, ila kimewekwa upande wa pili: mgonjwa akishalipa kiwango cha juu cha mwaka kwa huduma zinazotambuliwa ndani ya mtandao wa bima yake, yaani hospitali na madaktari wenye mkataba nayo, zinazobaki hulipwa na bima. Mkataba mmoja unamlinda mgonjwa dhidi ya kampuni kuishiwa na huruma, na mwingine unailinda kampuni dhidi ya mgonjwa kuugua sana. Kwenye simu yote miwili huitwa kwa jina lilelile, bima.

Simu yenyewe mara nyingi huanzia kwa mnunuzi bila yeye kujua. Anatafuta bima mtandaoni, anakuta ukurasa unaofanana na wa serikali, anajaza jina na namba, na kabla hajaweka simu chini wauzaji wanaanza kumpigia, kwa sababu namba yake imekwisha kuuzwa. Muuzaji ni mchangamfu. Husema kwamba mpango huu unakubaliwa na karibu madaktari wote, kwamba bei hii inaisha leo, na kwamba karatasi zitakuja baada ya kadi ya benki kupokewa.

Kisha hufuata hatua ambayo mimi naiona ndiyo kiini cha ulaghai wote. Mnunuzi huambiwa kwamba sasa kutakuwa na uthibitisho mfupi unaorekodiwa, kwamba maelezo yake ni ya kawaida tu, na kwamba ajibu "ndiyo" kila anapoulizwa, kwani akiuliza swali katikati itabidi waanze upya. Hapo husomewa haraka, kwa Kiingereza cha kisheria, kwamba hiki anachonunua si bima kamili ya matibabu, kwamba maradhi aliyokuwa nayo kabla hayagharimiwi, na kwamba ameelewa. Wazee wetu, waliolelewa kuona kwamba kumkatiza mtu anayezungumza ni utovu wa adabu, hujibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Siku ya malalamiko hurejeshewa sauti yao wenyewe. Dakika ishirini za ahadi zilizotangulia, kwa kawaida, hazimo katika rekodi anayosikilizishwa mlalamikaji.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2020 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, ambayo ni chombo cha ukaguzi cha Bunge la Marekani, ilituma maofisa wake wakajifanya wateja wenye maradhi kama kisukari na ya moyo. Katika simu 31, wauzaji wanane walitumia mbinu zilizoelekea kuwa za udanganyifu, ikiwa ni pamoja na kudai kwamba maradhi hayo yangegharimiwa wakati hati zilizofika baadaye zilisema hayagharimiwi. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha serikali kuu kinachowalinda wanunuzi, iliishtaki kampuni ya Simple Health Plans ya Florida, ambayo wateja wake walikuwa wakilipa hadi dola 500 kwa mwezi wakiamini wana bima kamili. Dola 500! Kwa fedha hizo baadhi yao wangeweza kupata bima ya kweli.

Kwa nini wakala asiuze hiyo ya kweli? Uchunguzi wa kamati ya Bunge wa mwaka 2020 kuhusu bima za muda mfupi, ambazo ni ndugu wa karibu wa mipango hii, ulikuta kwamba kamisheni ya wakala ilikuwa wastani wa asilimia 23 ya malipo ya mteja, ilhali kwa bima kamili ilikuwa kama asilimia 2. Sidhani kama panahitajika maelezo zaidi.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: bima kamili inayouzwa kwenye soko la bima la serikali haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo mwuzaji wake hana sababu ya kukuuliza kama una kisukari au umewahi kufanyiwa upasuaji. Tumbaku anaweza kuiuliza. Akianza kuorodhesha maradhi, anauza kitu kingine. Mwombe akutumie hati za mpango kabla ya kumpa namba ya kadi, na namba ya leseni yake uihakiki katika idara ya bima ya jimbo lako. Anayekataa hayo mawili amekwisha kujitambulisha.

Aliyekwisha kununua asisubiri augue. Mikataba mingi hutoa siku chache za kuirudisha na kurejeshewa fedha. Aandike barua ya kufuta, abaki na nakala, aiambie benki izuie makato, kisha apeleke malalamiko kwenye idara ya bima ya jimbo na kwenye tume niliyoitaja. Malalamiko hayo hayapotei bure, ingawa hayarudishi kila kitu. Kampuni ya Benefytt, iliyoshtakiwa na tume hiyo kwa kuuza mipango ya namna hii, ilikubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 100, na fedha zilipogawanywa mwaka 2024 zilikwenda kwa watu zaidi ya 460,000, yaani kama dola 215 kwa kila mmoja. Bili za hospitali hazikuwa sehemu ya hesabu hiyo.