Kamera ya Harusi na Bisibisi Yangu

Kamera yangu ya kwanza ya video niliinunua Kampala ikiwa imeshatumika, nikarudi nayo Bombo nikaanza kupiga harusi. Ilikuwa ya kanda, zile ndogo za MiniDV za dakika 60. Harusi za kwetu Wanubi haziishi siku moja, na mpiga video akiharibu siku ya kwanza tu, mashangazi wa bibi harusi watamkumbuka mpaka azeeke.

Iliyonitoa jasho kweli ni safari ya Kabale. Kamera ililala ndani ya gari usiku kucha, na baridi ya Kabale anayeijua anaijua. Asubuhi nikaiingiza ukumbini, watu wamebanana, masufuria ya chai yanafuka mvuke. Nilipotaka kuanza kurekodi, kamera ikagoma: alama ya tone la maji kwenye skrini, na kanda haitoki. Mwenzangu akasema, "Ipige kofi kidogo." Nikamwambia aanze kuipiga kofi simu yake.

Umande ulikuwa umeingia ndani. Hewa yenye joto na unyevu ikikuta chuma baridi, huacha maji. Ndani kuna ngoma yenye vichwa vya kusoma kanda, inazunguka kwa kasi sana, na kanda ikinata hapo inajikunja au kukatika. Kamera hugoma ili kujiokoa. Niliizima, nikaiweka mezani saa moja na nusu bila kuigusa, maharusi wakaingia nikiwapiga picha za kawaida tu. Baadaye ikawaka kama hakuna kilichotokea. Tangu hapo, nikiitoa kwenye baridi naifunga ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, kabla ya kuingia ndani, umande ushike kaveera, na siifungui mpaka kamera ipate joto.

Picha kukatika vigae-vigae ni jambo dogo: vichwa vimechafuka. Weka kanda ya kusafishia, sekunde 10, toa. Wako wanaoirudia mara tano mfululizo, halafu wanashangaa vichwa vimelika.

Kamera yangu ya pili ilikuwa ya kadi ya kumbukumbu badala ya kanda, nikadhani shida zimekwisha. Wiki ya kwanza tu ikakataa kurekodi. Nikapanda teksi mpaka Kampala kwa mzee mmoja fundi. Akaitoa kadi, akasukuma kwa ukucha kile kidude cha pembeni kinachoifunga isiandikwe, akanirudishia. "Kijana wangu, ninunulie soda." Sikumsimulia mtu kwa muda mrefu.

Safari nyingine kadi ilileta ujumbe wa hitilafu baada ya kwanjula nzima, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni. Kosa lilikuwa langu, niliichomoa taa ya kamera ikiwa bado inawaka na kuzima. Kamera ikaniomba niifomati, yaani niisafishe kadi ianze upya, nikakataa, na sikurekodi tena kitu juu yake. Nyumbani nikatumia PhotoRec, programu ya bure, nikaelekeza faili zinazookolewa kwenye diski nyingine. Majina ya faili yalipotea na vipande viwili havikufunguka, lakini mahari na hotuba za wazee vilikuwepo. Ningeendelea kurekodi siku ile, faili mpya zingeandikwa juu ya zile.

Mafanikio hayo yakanipa kiburi. Skrini ilipoanza kuzimika kila nikiigeuza pembe fulani, huku tundu la kuchungulia likionyesha picha vizuri, nilijua ni utepe wa waya unaopita kwenye bawaba. Niliotea sawasawa. Lakini bisibisi yangu ilikuwa ya kufungulia redio. Skrubu ndogo mbili zikapotea kwenye mkeka, na utepe uliokuwa umechoka nikaukata kabisa pamoja na soketi yake. Mzee aliitazama, akanyamaza kidogo, akasema, "Ungeniletea mapema, ungelipa utepe peke yake." Nililipa mara tatu ya hiyo.

Siku hizi nagusa vya nje tu: kadi, mipangilio, meno ya betri nayafuta kwa kitambaa kikavu. Nikisikia mtambo unasaga, nikanusa harufu ya kuungua, au kamera ikiloa maji, natoa betri hapo hapo na siwashi tena "kujaribu". Kwa fundi naulizia bei kabla hajafungua, na kipuri cha zamani naomba nikione.

Ile ya kadi iliponijia na nyuzi nyeupe kama za buibui ndani ya lenzi, nilijua ni kuvu, nikaipeleka moja kwa moja. Mzee akaimulika kwa tochi. "Lenzi ya hii ni ghali kuliko kamera nyingine kuukuu." Nikamwachia achukue vipuri. Mwezi uliofuata nilimkuta akiing'oa skrini yake, ile ile niliyomlipa mara tatu, akiifunga kwenye kamera ya mteja mwingine.