Tarehe mbili: nilivyoinua kredi yangu ya Marekani kwa kadi ya rehani

Kwetu Wete, Pemba, ukikopa dukani, jina lako liko kwenye daftari la mwenye duka, na mwenye duka anakujua wewe na anamjua baba yako. Karafuu zikichelewa, anakungoja. Marekani daftari lako, yaani kredi yako, liko kwa mawakala watatu wasiokujua, Equifax, Experian na TransUnion, na hao hawangoji msimu. Mimi niliondoka kule kwa haraka kuja kumuuguza mama, nikaacha nyuma kadi ya benki yenye deni la dola 1,400 na kitu. Nilikaa nyumbani miezi minane. Zilipotimia siku 180 bila malipo, benki ikaliandika deni lile kuwa hasara kwenye vitabu vyake. Wengi wakisikia hivyo hudhani wamesamehewa. Hujasamehewa: deni linauzwa kwa wakusanya madeni, na doa linakaa kwenye daftari kiasi cha miaka 7 tangu malipo ya mwanzo uliyoyakosa.

Niliporudi, alama yangu ya kredi ilikuwa 531, kwa FICO, kipimo cha jinsi unavyoaminika kulipa madeni, kinachoanzia 300 na kuishia 850. Leo iko 682, na riba niliyolipa katika kazi hiyo yote ni sifuri. Naandika kwa sababu vijana wetu wanaondoka kila mwaka, na ushauri wanaopewa barzani ndio ule ule ulionipotezea mimi nusu mwaka mzima.

Nusu mwaka huo ulikwenda kwenye kadi ya kujaza. Niliambiwa, tena na mtu aliyeishi kule miaka mingi, kwamba ninunue kadi ile inayouzwa madukani, niijaze pesa kila mwezi na kuitumia sana, kredi itajijenga yenyewe. Nikajaza dola 50, mwezi mwengine 80, nikalipia nauli na chakula bila kukosa. Mwezi wa sita nikavuta taarifa zangu zote tatu za kredi, moja kwa kila wakala. Hapakuwa na hata mstari mmoja wa kadi ile. Sababu yake ni nyepesi: pesa ni yako mwenyewe, hakuna aliyekukopesha, basi hakuna cha kuripoti. Kadi ya akaunti ya kawaida, hii ya kutolea pesa kwenye mashine, nayo ni hivyo hivyo, hata uitumie miaka kumi.

Kadi ya rehani ni jambo jengine. Unaiwekea benki pesa, mara nyingi kuanzia dola 200, kama mtu anavyoweka mkufu wake rehani. Benki inazifungia, kisha inakukopesha pesa zake yenyewe kwa kikomo cha kiasi hicho hicho. Kila unachonunua ni deni la kweli, na ukilipa unaandikwa kuwa umelipa deni la kweli. Hapa watu wengi huteleza: wanadhani wasipolipa, benki itakata kwenye ile rehani na mambo yaishe. Haiendi hivyo. Ukichelewa unatozwa faini, kiasi cha dola 30 au 40, na ukipitisha siku 30 unaandikwa mchelewaji kwa mawakala wote watatu kama mtu mwengine yeyote. Rehani huguswa mwisho kabisa, akaunti inapofungwa, na wakati huo jina limeshaharibika mara ya pili.

Kabla ya kuweka pesa yako, piga simu benki na uliza mambo mawili tu. Kadi hii inaripotiwa kila mwezi kwa wote watatu? Ina ada ya mwaka? Ziko kadi zinazowalenga watu wenye kredi mbovu, zimejaa ada za kila aina. Sheria inazuia ada za mwaka wa kwanza zisizidi robo ya kikomo, lakini robo ya dola 200 ni dola 50, na zinakuja kama deni kwenye kadi ambayo hujanunulia hata chumvi. Kadi za rehani zisizo na ada zipo, tafuta hizo. Na usiombe tano kwa pamoja, kwani kila ombi linaacha alama ya miaka 2 kwenye taarifa yako.

Sasa nije kwenye lililonifunza kuliko yote. Kadi ya rehani niliyochukua ilikuwa na tarehe mbili: tarehe 12 benki inafunga hesabu ya mwezi na kutoa taarifa, na tarehe 7 ya mwezi unaofuata ndio mwisho wa kulipa. Mimi nilikuwa naiangalia ya 7 peke yake. Mwezi wa tatu tangu niipate kadi nikanunua simu ya kumpelekea mama, dola 180. Tarehe 5 ya mwezi uliofuata nikalipa zote, siku mbili kabla ya mwisho. Hapana riba, hapana faini, kila kitu sawa. Nikangoja alama ipande. Ikashuka pointi 34.

Nilikaa na karatasi zangu usiku mzima nikitafuta kosa. Kumbe tarehe 12 benki inapofunga hesabu, ndipo inapopiga picha ya deni lako na kuwapelekea mawakala. Picha yangu ilionesha dola 180 juu ya kikomo cha 200, yaani 90%. Kwamba nimelipa wiki tatu baadaye, picha hiyo haikuwa na habari nayo. Katika hesabu ya FICO, kulipa kwa wakati kunabeba takriban 35% ya alama, na kiasi cha deni ulilonalo, hasa ukilinganisha na kikomo chako, kinabeba takriban 30%. Nilikuwa nimeitimiza vizuri ile ya kwanza na kuiharibu ya pili kwa mkono wangu.

Mwezi uliofuata nikabadilisha mwendo. Nilinunua vitu vya dola 150 hivi, lakini tarehe 9, siku tatu kabla ya kufungwa hesabu, nikalipa 142 na kuacha 8 tu. Picha ya tarehe 12 ikaonesha dola 8 juu ya 200, yaani 4%. Zile 8 nikazilipa kabla ya tarehe 7. Alama ikarudi pale pale ilipokuwa na kuongeza, kwa sababu vipimo vingi vya FICO vinatazama picha ya mwisho, vya miezi ya nyuma havikumbukwi. Siku tatu hizo zina maana: malipo yanayotoka benki nyengine huchukua siku moja hadi tatu za kazi. Tarehe 9 ikiangukia Jumamosi, lipa Alkhamisi. Na usisafishe mpaka sifuri kabla ya picha ikiwa kadi ni hiyo moja tu, maana deni dogo linaloonekana hukupa pointi chache zaidi kuliko kadi inayoonekana haijatumika.

Mtoto wa kaka yangu, anayejitayarisha kusafiri, aliniuliza juzi, "Ami, mbona wanasema uache deni kidogo, riba itembee, ndio alama zipande?" Nikamwambia: liache lionekane tarehe 12, mwanangu, usiliache lipite tarehe 7. Ushauri huo wa kuacha riba itembee umewalipisha watu wetu pesa kwa miaka bila faida yoyote. Hakuna wakala anayekupa hata pointi moja kwa kulipa riba. Taarifa anayoipata haina riba uliyolipa, ina kiasi cha deni, kikomo, na kama umelipa kwa wakati.

Kwa sisi riba si suala la hesabu pekee, kwa hiyo naeleza inavyofanya kazi. Kwenye mkataba wangu ilikuwa kama 27 au 28% kwa mwaka. Kwa kadi yenye muda wa huruma, nayo ndiyo kawaida ya nyingi, sheria inataka zipite siku 21 au zaidi baina ya taarifa kutumwa na mwisho wa kulipa, na ukilipa deni lote la taarifa ndani ya siku hizo, manunuzi yako hayatozwi riba. Ukilipa nusu, riba inaingia na muda wenyewe unaupoteza. Kutoa pesa taslimu kwa kadi hiyo hakuna muda wa huruma: riba inaanza siku hiyo hiyo pamoja na ada. Basi usiitie kabisa kwenye mashine ya pesa, iwe Columbus kule Marekani au Malindi mjini Unguja. Ama suala la kutia saini mkataba wenye sharti la riba hata kama hukusudii kuilipa, masheikh wana kauli zao; muulize unayemwamini kabla hujaomba kadi.

Mwezi wa nane tangu niipate kadi nikarudi tena Pemba, na hapa palihitaji mpango. Nilikuwa nimeshaona mara ya kwanza umbali unavyofanya. Saa 11 jioni New York ni saa 6 usiku Wete wakati wa kiangazi chao, na wakirudisha saa nyuma mwezi wa Novemba inakuwa saa 7 usiku, kwetu tayari ni kesho yake. Benki hairuhusiwi kufunga mlango wa malipo kabla ya saa 11 jioni ya siku ya mwisho, lakini hizo ni saa za kule inakopokea malipo. Ukingoja mpaka usiku huo na mtandao ukakatika, faini ni yako. Kisha ukiingia kwenye akaunti ukiwa nje, benki inatuma namba ya siri kwenye simu yako ya Marekani, na laini hiyo ikiwa imekufa huingii.

Nilichofanya ni hiki. Nilibakisha laini yangu ya Marekani kwenye kifurushi cha bei ndogo kabisa, dola 15 kwa mwezi, na nikakifunga kifurushi hicho kilipiwe na kadi ya rehani. Sikununua kitu chengine chochote kwa kadi hiyo. Upande wa pili nikaweka malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti yangu, nikachagua deni lote la taarifa. Angalia hapo vizuri, maana utapewa pia chaguo la kiwango cha chini, na ukilichukua hilo riba inaanza bila wewe kujua. Kwenye akaunti nikaacha dola 120 za kutosha miezi kadhaa, kwani malipo yakigonga akaunti tupu unatozwa na benki mbili kwa mara moja. Kwa mpango huo picha ya kila tarehe 12 ilionesha 15 juu ya 200, 7.5%, laini ikabaki hai, na kadi haikufungwa kwa kukaa bila kutumika. Mimi nilikuwa Wete nimelala. Ununuzi wa hapa nyumbani nilifanya kwa shilingi, kwani kadi yangu ilikuwa inakata 3% kwa kila kitu kinachonunuliwa nje ya Marekani.

Lipo jambo ambalo ningelianza nalo lau ningelijua: majina yetu. Mtu wa Zanzibar ana jina lake, la baba na la babu. Fomu za Marekani zinataka la kwanza, la kati na la ukoo, na kila karani anapanga anavyojua. Ukiitwa Khamis Juma Haji, kwa karani mmoja utakuwa Haji, kwa mwengine Juma. Na tarehe: sisi tunaandika siku kisha mwezi, wao mwezi kisha siku, kwa hiyo 03/07 ya kwetu kwao ni tarehe 7 mwezi wa Machi. Kwenye taarifa yangu moja nilikuta deni la umeme la mji ambao sijapata kuishi, la mtu tunayekaribiana majina, na tarehe yangu ya kuzaliwa imegeuzwa. Taarifa zote tatu unazipata bure kila wiki kupitia AnnualCreditReport.com. Zisome mstari kwa mstari kabla ya kuomba kadi. Mimi nilimwandikia wakala mwenye kosa barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha nakala ya kitambulisho na ile taarifa nikiwa nimelizungushia deni kalamu nyekundu, nikaituma kwa posta ya kusainiwa. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Siku ya 24 deni liliondolewa. Kosa likiwa kwa wawili, andika barua mbili.

Kampuni moja ilikuwa imeniomba dola 600 mapema ili "inisafishie kredi". Sheria ya Marekani inazikataza kampuni za aina hiyo kupokea malipo kabla ya kazi kukamilika, na kazi yenyewe ni barua kama ile yangu. Deni la haki, lililo sahihi, hakuna anayeweza kuliondoa kabla ya muda wake. Lile langu la 1,400 nililimaliza na mkusanyaji kwa dola 900, baada ya kumtaka kwa maandishi athibitishe kuwa ni lake, na sikutoa senti mpaka makubaliano yalipokuja kwenye karatasi.

Mwezi wa 13 benki ikaigeuza kadi yangu kuwa ya mkopo wa kawaida bila rehani, kikomo kikawa dola 1,000, na rehani ikarudishwa kwa hundi kwenye anwani ya Marekani. Kabla ya kusafiri nilikuwa nimebadilisha anwani kuwa ya ndugu yangu, naye akaipokea. Akaunti ni ile ile, umri wake haukukatika. Kifurushi cha dola 15 bado kiko juu yake. Tarehe 12 iliyopita picha ilisoma 1.5%.