Penseli nyekundu imetoweka, majina yameonekana

Yamesomeka! Zile kurasa za katikati za daftari la kodi ya nyumba la enzi za ukoloni, ambalo tunanakili majina yake, zilizotukwamisha tangu msimu wa mvua, sasa zinasomeka jina kwa jina.

Mwandiko haukuwa na shida. Karani huyu wa miaka ya 1930 alikuwa na mkono safi. Shida ni kwamba kila aliyelipa, jina lake lilipitishiwa penseli nyekundu nene, na wino wa bluu chini yake umefifia. Ukivuta picha karibu unaona O, kisha wekundu mtupu, kisha o. Otieno? Odongo? Onyango? Huku Kisumu ukibahatisha hapo umempa mtu babu wa jirani.

Tulijaribu taa ya pembeni, tukajaribu kuongeza mwanga. Wapi! Jana nikafungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikatenganisha rangi zake tatu (nyekundu, kijani na bluu), nikabakiza picha ya nyekundu peke yake. Penseli ikawa nyeupe kama karatasi, wino wa bluu ukakolea kuwa mweusi. Mstari wa kwanza ulikuwa Odongo. Nilipiga kelele hadi watoto wakaja kuona.

Ndiyo maana nazichukia programu za simu zinazoskani na kuung'arisha ukurasa zenyewe: zinaitupa rangi, na rangi ndiyo iliyotuokoa. Tafadhalini, pigeni picha ya kawaida karibu na dirisha, mweke karatasi nyeusi chini ya ukurasa ili maandishi ya nyuma yasipenye.

Kazi hii inaniuma kwa sababu kabla ya sensa ya 1948 Waafrika wa Kenya walikuwa wakikisiwa tu, kwa kutegemea hesabu za kodi. Kwa familia nyingi huku, daftari kama hili ndilo sensa yenyewe.

Lakini wekundu ulipoondoka nikaiona vizuri safu ya nyumba. Onyango, nyumba 3. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilitozwa kodi, ila hakuna mke hata mmoja aliyeandikwa jina. Nimeshindwa kuendelea na faharasa ya koo niliyoahidi, itangoja. Jumamosi napeleka kurasa hizi, zimechapishwa kwa herufi kubwa, kwa nyanya mmoja wa Seme aliyezaliwa kabla ya sensa hiyo. Kwenye jedwali tunalonakilia majina nimeongeza safu ya wake, na nyingine ya nani amesimulia na lini. Mwenye mzee nyumbani aniombe kurasa za kijiji chake.