Litakaa Wapi?

Kabla hajashika futi, fundi aliniuliza swali ambalo siku ile niliona halina kazi: "Gitaa hili litakaa wapi?"

"Hapahapa Tanga," nikamjibu.

Nilisema uongo. Ndani ya mkoba wangu kulikuwa na barua ya ajira iliyonitaka niripoti Dodoma mwishoni mwa Julai. Lakini Julai hiyohiyo, katika Shaabani, dada yangu alikuwa anaolewa, na nilikuwa nimejiapia kwamba usiku wa harusi nitapiga gitaa langu mwenyewe, si la kuazima. Ilikuwa Machi 2011. Niliogopa kwamba nikitaja bara, mzee ataanza maelezo marefu na tarehe zitasogea.

Karakana yake ilikuwa uani kwake, Ngamiani: bati chache zilizoegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Riziki yake ilitoka kwenye vitanda na fremu za milango. Magitaa aliyafanya kwa mapenzi. Ujanani aliwarekebishia wapigaji wa mjini, enzi Tanga ikitamba na bendi za Atomic na Jamhuri Jazz, na kikundi cha Black Star kikiingiza magitaa kwenye taarabu. Alifungua mengi yaliyoletwa yamekufa, akajua tumboni kunakaaje, halafu siku moja akaunda lake. Nilipomkuta ameshaunda kumi na manne. Aliyataja moja moja pamoja na wenyewe na madeni yao.

"Leta mkono. Wa kushoto."

Akanipima kama fundi cherehani: upana wa kiganja, urefu wa kila kidole, kisha akaniambia nitanue vidole juu ya ubao wenye alama za penseli. Kidole changu cha mwisho hakinyooki. Nilikivunja nikidaka mpira shuleni, kikaungwa nyumbani, vizuri kiasi cha kushikia kikombe basi. Kwenye magitaa ya dukani kidole hicho kilikuwa hakifiki kinapotakiwa, hasa karibu na kichwa ambako nafasi ni pana. Mzee akakigeuzageuza, akasema, "Huyu ndiye mwenye gitaa. Wengine watamfuata."

Magitaa mengi ya dukani yana kama milimita 650 kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani, yaani urefu wa uzi unaolia. Langu akalipunguza hadi 628. Sentimita mbili tu, lakini kwa mtu mwenye kidole kama changu ni tofauti ya kupiga na kutopiga. Akatoa kikokotoo kilichofungwa kwa mpira wa manati, akagawanya 628 kwa 17.817, ikaja milimita 35 na robo. Hapo inakaa freti ya kwanza, kile kijichuma kinachokingama shingo. Unatoa hiyo, kilichobaki unakigawanya tena kwa 17.817 unapata ya pili, na kuendelea hivyohivyo hadi mwisho wa shingo. "Ukikosea ya tatu," alisema, "zote zinazofuata zinaimba uongo." Nikainamisha kichwa kama ninayesoma namba.

Tulibishana kuhusu mti. Mimi nilitaka mgongo na mbavu za mpingo. Nilikuwa nimesoma kwamba Ulaya wanaulilia kwa ajili ya ala zao za kupuliza, klarineti na obo, basi mimi Mtanzania niukose? Mzee akatupa kipande kwenye ndoo ya maji, kikazama kama jiwe. "Utalibeba hilo begani?" Akanieleza kwamba mpingo ni mti mwembamba uliopinda, na moyoni mara nyingi una uwazi, ubao mpana usio na ufa unaweza kwenda kuutafuta hadi Kilwa ukarudi umemaliza nauli tu. Akanichagulia mninga, ambao ukishakauka umekauka, hauhangaiki. Mpingo ukabaki kwenye ubao wa vidole na daraja, panaposuguliwa na kuvutwa. Mpaka leo nikisikia mtu anasifia gitaa kwa jina la mti tu, najua hajawahi kukunja ubavu.

Maana nilijaribu. Ubao wa mninga ulirandwa hadi milimita mbili, ukaloweshwa, ukaegemezwa kwenye kipande cha ekzosi ya lori chenye makaa ndani. Haulazimishwi, unauegemeza, unangoja ulegee wenyewe, na harufu yake inajaa uani. Mimi niliulazimisha, ukalia ka! Mzee akautazama ule mpasuko, akaenda kusali Alasiri, akarudi akaanza mwingine.

Uso ndio uliokuwa na kisa chake. Uso wa gitaa, upande wa mbele wenye tundu, hutaka mbao nyepesi lakini ngumu, na mafundi wa ng'ambo hutumia sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii moja na msonobari. Mzee alikuwa nayo chini ya kitanda. Zamani aliinunua piano iliyoliwa na mchwa, iliyotoka nyumba ya meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Sanduku na miguu vilikuwa vumbi, ila ule ubao mpana wa nyuma ya nyuzi, unaotoa sauti, ulibaki zaidi ya nusu. Ulikuwa mnene kama milimita nane, umeungwa kwa vipande vyembamba. Akavibandua, akaviunga upya, akaviranda hadi milimita mbili na nusu. Kwa kawaida uso hutoka kwenye ubao mmoja unaopasuliwa na kufunguliwa kama kitabu, vipande viwili. Wangu una vinne. Akaushika ukingoni kwa vidole viwili akaugonga kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Ukalia, sauti ndefu nisiyoitarajia kwa kitu chembamba vile.

Kisha kazi ikasimama.

Ukutani, kando ya kalenda, palikuwa na kijiti chembamba kilichopigiliwa msumari upande mmoja. Kilikuwa vipande viwili vilivyogundishwa mgongo kwa mgongo, kimoja kimekatwa kufuata urefu wa mti, kingine kimekatwa kukingama. Mbao ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu ni kama haitanuki, hivyo kijiti kilipinda: mvua ikija kilielekea mlangoni, hewa ikikauka kilielekea kwenye kalenda. Mzee alikitazama kila asubuhi kabla ya kupasha gundi. Aprili nzima ya masika kilielekea mlangoni.

"Leo siungi," alisema. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile.

Kilichobaki kilikuwa kuunga mataruma. Ndivyo alivyoziita zile fito za ndani ya uso, kama mbavu za jahazi. Mbili kubwa zimepishana mfano wa herufi X, na ndogo pembeni. Nyuzi za chuma zikikazwa huvuta karibu kilo 70, zaidi ya mfuko wa saruji, na bila mataruma uso wa milimita mbili na nusu ungekunjika. Lakini taruma likiungwa wakati uso umevimba kwa unyevu, siku uso utakapokauka utataka kurudi nyuma na taruma halitauachia. Haya yote alinieleza. Siwezi kudai sikujua.

Wiki ya tatu nilimjia na mambo ya harusi. Kadi zimeshachapwa, ukumbi umelipiwa, dada anauliza. Akaweka randa chini.

"Si nilikuuliza litakaa wapi?"

"Ndiyo, fundi."

"Litakaa Tanga?"

"Litakaa Tanga."

Akawaza. "Basi. Likizaliwa kwenye mvua na likaishi kwenye mvua, litavumilia. Bara lisingefaa." Jioni ile akapasha gundi. Nilishika jiriwa moja baada ya nyingine, nikizikaza anapoelekeza, na sikusema neno.

Mwanzoni mwa Julai likakamilika. Kabla hajafunga mgongo alikuwa ameandika kwa penseli kwa ndani, mahali unapopaona kupitia tundu: *15. Tanga.* Ya harusi sina mengi. Nilipiga nyimbo tatu, ya pili nikaikosea, bibi yangu akanitunza shilingi elfu mbili akanibandika kwenye paji la uso. Kidole changu kilifika kila mahali.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye basi, gitaa miguuni: Segera, Chalinze, Morogoro, Dodoma.

Dodoma wakati ule wa mwaka haijaona mvua kwa miezi, na upepo wake hukausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Dalili zilianza mapema. Ncha za freti zikawa zinanikwaruza kiganja, kwa sababu ubao wa vidole ulikuwa unasinyaa na chuma hakisinyai. Nyuzi zikashuka, zikawa zinavuma kama nzi chupani. Nikajiambia ni mambo ya gitaa jipya. Usiku mmoja wa Ramadhani, nimeamka kupasha daku, nikasikia ka! Nilidhani ni bati. Asubuhi nikaona ufa kutoka nyuma ya daraja hadi ukingoni, urefu wa kiganja, umenyooka kama uliopigwa rula.

Nililifunga kwenye shuka na nikalirudisha Tanga sikukuu ya Idi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Lilianguka. Mtoto alilikalia. Jua la dirishani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Idi njema."

Hakuutazama ufa kwanza. Alipitisha dole gumba ukingoni mwa shingo, polepole, akizihesabu ncha za freti. Akafika ya saba akasimama.

"Limelala wapi hili?"

Maneno yote ya kwenye basi yakanipotea. "Dodoma."

"Tangu lini?"

"Tangu Julai." Halafu, kwa kuwa aliendelea kungoja: "Barua ya kazi nilikuwa nayo siku ile ya kwanza."

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alilivua nyuzi, akalitundika kwenye kamba, akaniambia, "Njoo Januari."

"Januari, fundi?"

"Kaskazi ikikolea. Ufa huu sasa utajifunga wenyewe kwa unyevu wa hapa, utadhani umepona. Nikiuunga hivyo ukaurudisha huko, utapasuka tena pembeni yake. Januari."

Kule kungoja nilikokukimbia nikarudishiwa, na ziada.

Januari nilipoomba ruhusa kazini nilimkuta amelifungia gitaa kwenye kabati lenye balbu mbili za wati 60, siku ambazo mgawo wa umeme uliruhusu, na kijiti kile amekihamishia ndani. Kilikuwa kimepinda kuelekea ukavu kuliko nilivyowahi kukiona. Ufa ulikuwa wazi. "Hiyo ndiyo Dodoma yako," akasema. Akachonga ukucha wa mbao kutoka kwenye masalia ya piano, mwembamba kama kijiti cha meno, akauzamisha ufani kwa gundi. Kisha akaniambia nishike taa na kioo kwenye tundu, naye akaingiza mkono akabandika kwa ndani vipande vitano vidogo, mistari yake ikikingama ufa. Mkono wake ulikuwa mkubwa kwa lile tundu. Alitoka na mchubuko.

Nikamuuliza kiasi gani.

"Gundi elfu tano. Umeme elfu tano. Uongo elfu ishirini."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akanyoosha mkono, nikahesabu thelathini. Akazikunja akazitia kwenye mfuko wa shati, akachukua kipande cha penseli, akaingiza tena mkono tunduni. Nilipomulika baadaye nikaona amepiga mstari juu ya *Tanga* na kuandika *Dodoma* chini yake, herufi zimepinda kwa sababu aliandika bila kuona.

Nikiwa nafunga boksi akanipa kijiti kipya, kifupi, na msumari wake. Nimekipigilia chumbani Dodoma, juu ya meza. Kuanzia Juni huanza kuelekea dirishani, na mimi huchukua kisanduku cha sabuni nilichokitoboa matundu, naitia maji sifongo iliyomo, naikamua isidondoke, nakiweka kwenye boksi pembeni ya shingo. Ikifika Septemba nalazimika kuitia maji kila baada ya siku tatu.