Asubuhi Muuguzi Alipomwogesha Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na umri wa miezi minne ukurutu, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, ulipomwanza mashavuni, ukapanda kichwani, kisha ukatokea upande wa nje wa mikono na miguu, huku sehemu inayofunikwa na nepi ikibaki nyororo. Ngozi yetu ni nyeusi, kwa hiyo ule wekundu unaotajwa mara nyingi katika maelezo ya ugonjwa huu hatukuuona. Tulichoona ni mabaka ya kijivu, mengine yenye weusi wa zambarau, makavu na yenye magamba, ambayo kiganja kiliyagundua kabla ya macho. Usiku ndio uliokuwa mgumu. Mtoto wa umri huo hajaweza kujikuna vizuri, hivyo hujisugua: alisugua shavu kwenye shuka, kisogo kwenye godoro, mguu mmoja juu ya mwingine, na kadiri mwili ulivyopata joto ndivyo alivyozidi kulia. Usiku mmoja nilimbeba hadi kukacha, nikimwekea shavuni kitambaa cha pamba nilichokilowesha na kukikamua, maana ubaridi ule ulimtuliza kwa dakika chache kabla mwasho haujarudi.

Kulipopambazuka nilimpeleka kliniki ya ngozi, mama yangu akinisindikiza. Daktari alimkagua, akauliza kama kuna mtu katika familia mwenye pumu au mzio, nami nikamjibu kwamba baba yake ana pumu tangu utotoni. Akaandika marhamu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, akatuelekeza kwa muuguzi.

Muuguzi yule hakuanza kwa maneno. Alijaza beseni maji, akayapima kwa kiwiko mpaka yakawa vuguvugu tu, akamvua mtoto nguo na kumwogesha mbele yetu. Hakutumia sabuni wala kitu chochote chenye manukato; alipaka kidogo mafuta mazito ya kulainisha ngozi, akayaosha kwa maji. Baada ya dakika kama tano alimtoa, akamfunika taulo na kumgusagusa nalo bila kumsugua hata mara moja. “Mama, usimkaushe kabisa,” aliniambia. “Mwache na unyevu wake, kisha mpake upesi kabla haujakauka.” Akachota mafuta kwenye kopo kwa kijiko safi, kwa sababu vidole huingiza vijidudu ndani ya kopo, akayapaka kwa kuteremsha mkono kufuata upande ambao vinywele vya mwili vimelalia, ili vitundu vya vinywele visizibe na kuota vipele.

Wingi wa mafuta ulimshtua mama yangu. “Si atatuteleza mikononi?” aliuliza.

“Mkamate vizuri tu, bibi,” muuguzi alimjibu kwa upole. Alitueleza kwamba ngozi ya mtoto mwenye ukurutu ni kama ukuta usiopigwa lipu: maji ya mwilini hutoka na vitu vinavyochokoza hupenya, na mafuta ndiyo lipu yenyewe. Kwa mtoto ambaye ukurutu umemwenea, alisema, gramu 250 kwa wiki si nyingi, na mafuta hupakwa mara kadhaa kwa siku, hata mahali ambapo ngozi inaonekana nzima.

Tulipofika kwenye dawa, mama alitoa hofu aliyokuja nayo, kwamba steroidi, yaani dawa za jamii ya haidrokotizoni, huifanya ngozi kuwa nyembamba. Muuguzi hakuipuuza. Alikubali kwamba hilo hutokea dawa kali inapotumika kwa muda mrefu bila usimamizi, lakini haidrokotizoni ya asilimia 1 ni miongoni mwa zile dhaifu kabisa, nayo hupakwa kwenye mabaka peke yake, kwa siku ambazo daktari ameagiza. Alikamua mstari mmoja kutoka ncha ya kidole chake cha shahada hadi kwenye pingili ya kwanza, akasema kwamba hiyo ni karibu nusu gramu, nayo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kati ya mafuta na dawa tuache kama nusu saa. Nimeshika kipimo kile hadi leo, na ninaamini kwamba mzazi akionyeshwa kiasi kwa macho, woga humpungua, na mtoto hapunjwi dawa anayoihitaji.

Mengine aliyataja haraka tukimvisha nguo: kucha ziwe fupi, nguo za pamba zigusane na mwili badala ya sufu, chumba kisiwe na joto, na mashavu yapakwe mafuta kabla ya kunyonya ili udende usiyachome. Nguo na shuka zilizonyonya mafuta hushika moto upesi, kwa hiyo zikae mbali na jiko na mishumaa. Kisha akasimama, akatutazama sote wawili. Tukiona utando wa manjano, majimaji au homa, tumrudishe bila kukawia. Tukiona malengelenge madogo yaliyosongamana au vidonda vya mviringo vyenye maumivu, tumlete siku hiyohiyo, maana virusi vya malengelenge ya mdomoni vikiingia kwenye ngozi ya namna hii huweza kuwa hatari. Mtu mwenye malengelenge hayo mdomoni asimbusu mtoto kamwe.

Usiku uliofuata alilala vipindi virefu kuliko nilivyokuwa nimezoea, na wiki ilipokwisha mashavu yalikuwa laini, ingawa palibaki alama zenye rangi hafifu kuliko ngozi yake. Alama hizo zilinitia wasiwasi kuliko magamba yenyewe. Tuliporudi kliniki, muuguzi alituhakikishia kwamba rangi hurejea taratibu, kwa miezi. Haidrokotizoni ilisimamishwa hadi mabaka yatakapochomoza tena. Mama alipouliza mafuta tutayaacha lini, alijibiwa kwamba watoto wengi hupata nafuu wanavyokua, ila maadamu ngozi ni kavu, mafuta yaendelee kila siku. Basi tukaondoka na kopo jingine.