Nilivyobadilisha oveni ya umeme nyumbani kwa usalama

Oveni yetu ya zamani ilianza kuangusha breka. Leo inaoka hadi mwisho bila shida, kesho inakata umeme wa nyumba nzima kabla haijafika nyuzi 100. Na breka iliyokuwa inaanguka ni ile yenye kitufe kidogo cha kujaribia, inayokata pale umeme unapovuja kwenda ardhini kufikia miliampia 30. Breka ya kawaida ikianguka, ama mzigo umezidi ama kuna shoti. Hii ikianguka, umeme umetoka njiani na unapita pasipo pake, na kwenye oveni pasipo pake ni lile bodi la chuma ambalo kila mtu hulishika.

Mshukiwa wa kwanza huwa elementi, kile kipande kinachopasha oveni. Kwa nje ni bomba jembamba la chuma. Ndani kuna waya wa koili uliozungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Bomba likipata ufa, hata usioonekana kwa macho, unga hunyonya unyevu na umeme hupata pa kuvujia. Ukipima elementi ya wati 2,000 kwa multimita, katika umeme wa volti 230, itakusomea kama omu 26 na utasema ni nzima. Inapasha kweli, ila inavuja, na uvujaji huo multimita ya kawaida mara nyingi haiuoni. Unahitaji mega, kifaa kinachopima kwa volti 500.

Elementi hubadilishwa, na ningeishia hapo kama oveni yenyewe ingekuwa na uhai. Bawaba za mlango zilishalegea, mpira wa kuziba joto ulikuwa unameguka mkononi, na vipuri vyote hivyo kwa pamoja havikuwa na maana kwa mashine iliyochoka kiasi kile. Nikaamua ni mpya.

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kuangalia rangi na idadi ya vitufe. Mimi nilianza na kibati. Kila oveni ina kibati kidogo cha taarifa, mara nyingi kwenye fremu, unakiona ukifungua mlango. Kinakupa volti na wati, na hizo ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. Gawanya wati kwa volti upate ampia. Oveni ya wati 3,500 kwenye volti 230 inavuta ampia 15 na ushee. Plagi ya ampia 13 inaishia chini kidogo ya wati 3,000, kwa hiyo oveni ya namna hiyo haina ruhusa ya kuchomekwa kwenye soketi ya plagi hiyo, na ekstensheni usiitaje kabisa. Oveni inavuta umeme mwingi kwa muda mrefu. Soketi itapata moto taratibu, na hutajua mpaka plastiki ianze kunuka.

Ya kwetu ilikuwa na laini yake kutoka kwenye boksi la breka: breka ya ampia 20, waya wa milimita za mraba 2.5, swichi ukutani, kisha kiunganishi nyuma ya kabati. Muuzaji alinisifia oveni yenye vyumba viwili, ya wati 7,000. Nikapiga hesabu palepale: ampia 30. Akanijibu kwamba fundi atabadilisha tu breka, aweke ya 32. Ushauri huo nimeusikia kwa watu wengi na unanitisha kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Breka imewekwa kwa ajili ya kulinda waya ulio ukutani. Ukiweka breka kubwa kwenye waya mwembamba, waya ndio unaogeuka fyuzi, na uko ndani ya ukuta usikoweza kuuona. Oveni kubwa inadai waya mnene kutoka kwenye boksi hadi jikoni, basi. Nikachukua ya wati 3,500, ambayo laini yangu inaibeba.

Vipimo vya kabati ni jambo jepesi kiasi. Oveni nyingi za kuingiza kabatini zina uso wa sentimita karibu 60, na tundu linatakiwa kuwa na upana wa sentimita 56 na kina kisichopungua 55. Ila pima kina kuanzia mbele hadi kwenye kitu cha kwanza kinachojitokeza nyuma, usipime hadi ukutani. Kwetu kile kiunganishi kilikuwa kimekaa katikati ya ukuta, sawasawa na mgongo wa oveni. Ya zamani ilikuwa fupi, ikakivumilia. Mpya ingekigonga.

Nikamwita fundi umeme mwenye leseni. Mahali pengi sheria hairuhusu mtu asiye na leseni kugusa nyaya za kudumu za nyumba, na hata pasipo na sheria hiyo, bima inaweza kukuuliza nani alifunga. Tukagawana: kuzima, kutoa, kubeba na kuingiza ni kazi yangu, chochote chenye skrubu ya waya ni chake. Mgawanyo huo ulinipunguzia gharama bila kunipunguzia usingizi.

Sasa kuzima. Kuzima umeme na kuhakikisha umezimika ni kazi mbili, na ya pili ndiyo inayookoa. Nilizima oveni, nikazima swichi ya ukutani, nikashusha breka yake, nikaifunika kwa utepe wa karatasi wenye gundi na kuandika USIWASHE. Kisha nikawaambia wote waliokuwa nyumbani, mmoja mmoja, maana mtu akiona kitu hakiwaki jambo la kwanza ni kwenda kwenye boksi. Maandishi yaliyobandikwa kwenye boksi nayo usiyaamini sana. Pale pameandikwa "jiko", lakini aliyeandika hayupo, na huenda tangu wakati ule laini zimehamishwa.

Fundi alipofika alikuwa na testa ya ncha mbili. Kabla ya kugusa popote, aliipima kwenye soketi ya chumba cha pili yenye umeme. Ikawaka. Tulipoivuta oveni na kufungua kifuniko cha kiunganishi, akapima laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (unaokwenda ardhini), nyutro na ethi. Kimya kote. Nikadhani tumemaliza, lakini alisimama akarudi kwenye ile soketi ya kwanza akaipima tena.

"Fundi, si umeshapima?"

"Nimepima waya, bosi. Sasa napima testa."

Betri ikifa katikati ya kazi, testa itakuambia kila mahali hakuna umeme. Ukipima penye umeme, ukapima kazini, ukarudi penye umeme, hapo ndipo ule ukimya wa katikati una maana. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo ndani aliiacha mfukoni. Inategemea mwili wako kukamilisha njia ya umeme, na viatu ulivyovaa au mwanga wa jua vinaweza kukufanya usione kitaa kikiwaka.

Kuitoa ni kazi ya mwili. Oveni ya saizi hii ina uzito wa kilo 30 na zaidi, kwa hiyo toa trei, toa nyavu, kisha toa mlango. Kwenye kila bawaba kuna kikulabu kidogo: fungua mlango hadi mwisho, geuza vikulabu vyote viwili, rudisha mlango juu hadi unapokwama wenyewe, halafu uinue. Mlango ukishatoka, usichezee mikono ya bawaba iliyobaki kama bado iko kwenye oveni. Ina springi yenye nguvu ya kuvunja kidole. Mlango wenyewe tuliulaza juu ya blanketi. Kioo kile kinavumilia joto na kishindo cha katikati, lakini ukikigonga pembeni kwenye sakafu ya vigae kinaweza kumwagika chote kama mchele.

Skrubu zinazoishika oveni ziko kwenye fremu, kulia na kushoto. Ukizifungua, vuta polepole huku mwenzako ameshika upande wa pili, na mshike kwenye mashimo ya ubavuni, kamwe msivute kwa mkono wa mlango. Glovu ni lazima: bati la nyuma halikusudiwi kuonwa na mtu, na kingo zake zinakata kama wembe.

Tulichokikuta nyuma ndicho kilichonifanya niandike haya. Kiunganishi cha oveni, kile kipande cha plastiki chenye skrubu tatu za kubana nyaya, kilikuwa cheupe upande wa nyutro na upande wa ethi. Upande wa laivu kilikuwa na rangi ya kahawa iliyoungua. Ganda la waya wa kahawia lilikuwa gumu kama ukucha. Fundi alilikunja kidogo likapasuka. Akaweka bisibisi kwenye skrubu, ikazunguka karibu nusu mzunguko kabla ya kushika. Ilikuwa imelegea muda mrefu.

Hesabu yake si ngumu. Joto kwenye kiungo ni ampia mara ampia mara ukinzani. Chukua ampia 15 na kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu: unapata wati 22 na nusu, kwenye kichwa cha skrubu kisichozidi punje ya mahindi, kila oveni inapowaka. Na joto hilo haliangushi breka yoyote. Ampia hazijaongezeka, hakuna kinachovuja. Kwa maneno mengine, elementi iliyokuwa inatusumbua ilikuwa shida ndogo kati ya mbili, na ile kubwa haikuwa imetoa sauti hata mara moja.

Kwa sababu hiyo kebo ya zamani ilitupwa yote. Ganda la plastiki ya kawaida limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 hivi, na nyuma ya oveni si mahali pake. Fundi alifunga kebo ya mpira inayostahimili joto, nyaya tatu za milimita za mraba 2.5. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, aliuacha mrefu kidogo kuliko wenzake ndani ya kiunganishi, ili kebo ikivutwa kwa nguvu siku moja, ethi iwe ya mwisho kuchomoka. Alikaza kibano juu ya ganda la nje la kebo, akavuta kila waya kwa mkono kuona kama unatoka. Rangi za nyaya hutofautiana kwa nchi na kwa umri wa nyumba. Nyekundu na nyeusi za zamani zikikutana na kahawia na bluu, usikisie, pima. Kiunganishi cha ukutani alikihamishia kwenye kabati la jirani, ambako mkono unafika bila kuchomoa oveni, na mgongo wa oveni ukabaki na nafasi ya kupumua.

Kabla ya kuirudisha alipima vitu viwili: kati ya ethi na bodi la oveni, ambako alipata chini ya omu 1, na uvujaji kwa mega ya volti 500, ambako alitaka zaidi ya megaomu 1. Alinitahadharisha kwamba oveni mpya iliyokaa ghalani huweza kusoma vibaya kwa sababu ule unga wa elementi umenyonya unyevu, na wakati mwingine ikiwashwa mara ya kwanza inaangusha breka ya uvujaji. Yangu haikufanya hivyo.

Kuingiza ni kinyume cha kutoa, ila mmoja aiongoze kebo isikunjwe wala kulala juu ya mgongo. Skrubu za fremu kaza kwa kiasi, mbao za kabati zilizoshindiliwa huliwa upesi. Na usizibe pengo la pembeni kwa silikoni hata kama linakukera. Hewa inapita hapo.

Tuliporudisha umeme, fundi alibonyeza kitufe cha kujaribia breka, ikaanguka kama inavyotakiwa, akairudisha. Oveni ikawaka taa na ikagoma kupasha. Nyingi za siku hizi hazifanyi kazi mpaka uweke saa. Nimeshasikia za watu waliorudisha oveni nzima dukani kwa ajili hiyo.

Mara ya kwanza iwashe tupu, baada ya kutoa karatasi na plastiki zote, kwenye nyuzi 200 na kitu kwa muda wa saa moja, madirisha yakiwa wazi. Itanuka, hata moshi mwepesi utaona: ni mafuta ya kiwandani na vizuia joto vipya vinavyoungua. Wakati huo nilikuwa nikigusa kifuniko cha swichi ya ukutani kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu hauna shida. Kikiwa cha moto, zima, mwite fundi, kuna skrubu imelegea. Baada ya kuzima, feni iliendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa. Inapoza vifaa vya umeme, iache.

Ile ya zamani nilikata kebo yake karibu kabisa na bodi, ili asitokee mtu akaiokota na kuichomeka, na mlango nikauweka mbali nayo ili mtoto asije akajificha ndani. Ikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa vipande viwili.